Kufuli Lipo, Lakini Mlango ni wa Nani?

Oktoba ikifika na bonasi ya majani chai ikikaribia, simu huku Longisa hazinyamazi. Na kati ya meseji zote kuna ile moja: "Thibitisha akaunti yako ndipo upokee bonasi," halafu linki. Unafungua, unapata ukurasa unaofanana kabisa na ule unaoujua, unaulizwa neno la siri.

Hapo, kabla hujaandika herufi hata moja, angalia juu kwenye anwani.

Je, inaanza na https? Hiyo "s" inamaanisha kwamba unachoandika kinafungwa kwa siri kutoka simu yako hadi kwenye tovuti, kwa hivyo mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe pale saiba hawezi kukisoma. Simu ikikuonya kwamba tovuti si salama, toka tu.

Lakini usiishie hapo. Wengi wetu tulifundishwa kutafuta kufuli, na kufuli halijawahi kusema mwenye tovuti ni mwaminifu. Tangu 2015, shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti vya https bure, na mwizi naye huchukua chake kwa dakika chache. Google hata waliondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya. (Shangazi yangu alidhani simu imeharibika.)

Kinachokuokoa ni jina. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha soma ukirudi nyuma. eCitizen ni ecitizen.go.ke, iTax ni itax.kra.go.ke, na .go.ke ni ya taasisi za serikali pekee. Sasa tuseme umeletewa ecitizen.go.ke.bonasi-yako.com. Ukiisoma kutoka mwisho, mwenyewe ni bonasi-yako.com. Hiyo ecitizen ya mbele ni pambo tu. Simu ndogo hukata anwani ndefu, kwa hivyo iguse uivute uone yote.

Mimi binafsi sifuati linki za meseji kabisa. Naandika anwani mwenyewe. Na PIN yako ya pesa hatutawahi kukuuliza kwenye tovuti yoyote.

Ushaandika neno la siri kwenye ukurasa feki? Libadilishe sasa hivi kwenye tovuti halisi, na popote pengine unapolitumia, kisha upigie huduma kwa wateja kabla hujafanya kitu kingine.