Bunge la Tisa: kiti cha Spika kilikuwa cha nani?

Watanzania wengi wanalikumbuka Bunge la Tisa kwa siku moja: Alhamisi, Februari 7, 2008, pale Edward Lowassa aliposimama bungeni Dodoma na kutangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu uwaziri mkuu. Siku hiyo inastahili kukumbukwa. Ila anayetaka kuelewa iliwezekanaje hana budi arudi nyuma, aitazame orodha ya wabunge wenyewe na watu walioongoza vikao vyao. Na orodha hiyo, ukiisoma bila kujua kilichofuata, haikuonyesha dalili yoyote kwamba Serikali ingetikiswa.

Uchaguzi uliolizaa Bunge hilo ulifanyika Desemba 14, 2005, baada ya kuahirishwa kutoka Oktoba kwa kifo cha mgombea mwenza wa Chadema. Majimbo yalikuwa 232. CCM ilichukua 206, CUF 19, Chadema 5, TLP na UDP moja moja. Viti vyote 19 vya CUF vilitoka Zanzibar: majimbo 18 ya Pemba na Mji Mkongwe kwa upande wa Unguja. Maana yake Tanzania Bara, yenye majimbo 182, iliwapa wapinzani saba tu. Karatu ilimrudisha Dk. Willibrod Slaa, Kigoma Kaskazini ikamleta Zitto Kabwe, Moshi Mjini Philemon Ndesamburo, Tarime Chacha Wangwe, Mpanda Kati Said Arfi. Hao ndio Chadema. Biharamulo Magharibi ilikuwa ya TLP na Bariadi Mashariki ya John Cheyo wa UDP.

Juu ya majimbo kulikuwa na viti maalum 75 vya wanawake, na hapa pana jambo ambalo wananchi wengi huwa hawaelezwi vizuri. Viti hivyo havigawanywi kwa kuhesabu majimbo ambayo chama kimeshinda. Hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha kiwango kilichowekwa na Katiba. Ndiyo maana CUF, ambayo haikushinda jimbo hata moja Bara, ilipata viti maalum 11: kura za wafuasi wake wa Bara zilipotea majimboni lakini zikahesabiwa huku. Chadema yenye majimbo matano ikapata sita. CCM ikachukua 58. Ongeza wajumbe watano wa Baraza la Wawakilishi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wabunge wasiozidi 10 wa kuteuliwa na Rais, ukumbi unakamilika kwa watu 323 nafasi zote zikijazwa.

Kwa majimbo na viti maalum pekee, hesabu ilikuwa 264 kwa 43. Kura ya chama dhidi ya chama isingeweza kuiangusha hata hoja ndogo ya Serikali.

Kwa hiyo nguvu ya Bunge lile haikutoka kwenye idadi ya wapinzani. Ilitoka mezani, kwa waliokalia viti vya uongozi na kwa kanuni walizozitumia. Samuel Sitta, Mbunge wa Urambo Mashariki, alichaguliwa Spika Desemba 2005, akimrithi Pius Msekwa aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu 1994. Naibu wake alikuwa Anne Makinda wa Njombe Kusini. Wenyeviti waliopokezana kuongoza vikao walikuwa Job Ndugai, Jenista Mhagama na Zubeir Ali Maulid. Upande wa Serikali, Waziri Mkuu kwa wadhifa wake ndiye Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni: kwanza Lowassa, Mbunge wa Monduli, kisha Mizengo Pinda. Kambi ya Upinzani iliongozwa na Hamad Rashid Mohamed wa Wawi, kwa kuwa CUF ndiyo iliyokuwa na wabunge wengi kuliko vyama vingine vya upinzani. Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa Chadema, hakuwamo kabisa, maana mwaka huo aligombea urais.

Sitta alilitangaza Bunge lake kuwa la kasi na viwango. Kama yangebaki maneno, yasingekuwa na uzito. Aliyapa mwili kwa Kanuni za Kudumu za Bunge, Toleo la 2007, na kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alivyoviacha. Kanuni hizo zilimleta Waziri Mkuu mbele ya wabunge kila Alhamisi kwa nusu saa, kujibu maswali ya papo kwa papo ambayo hakuandikiwa majibu na wizara. Na kamati tatu zinazokagua fedha za umma zikawa mikononi mwa upinzani: Cheyo kwenye Hesabu za Serikali, Slaa kwenye Hesabu za Serikali za Mitaa, na Zitto kwenye Hesabu za Mashirika ya Umma. Tazama, msomaji, jinsi jambo hili linavyobadilisha hesabu ya 264 kwa 43. Mbunge wa chama chenye jimbo moja nchi nzima alikuwa na mamlaka ya kumweka kitako katibu mkuu wa wizara na kumtaka aeleze fungu limekwenda wapi. Ukumbini kura yake ni moja. Kwenye kamati, yeye ndiye mwenyekiti.

Wala si kwamba Bunge lilikuwa limetakata tangu mwanzo. Agosti 2007 lilimsimamisha Zitto hadi Januari 2008, baada ya hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliotiwa saini London na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Wingi ulitumika siku ile kumnyamazisha mtu aliyeuliza swali halali. Adhabu ile ilikuwa kosa, na nchi iliona hivyo: Zitto alizunguka mikoani akipokewa na umati, na kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia mikataba ya madini. Nadhani fedheha ile iliwafundisha wabunge wa CCM kwamba kulinda mkataba wenye mashaka kuna gharama majimboni kwao.

Ndipo ikaja Richmond. Ukame wa 2006 ulikuwa umekausha mabwawa ya umeme, Serikali ikatafuta megawati 100 za dharura, na zabuni ikaangukia Richmond, kampuni ambayo haikuwa na uwezo wa kuzileta. Novemba 2007, kufuatia kazi ya Kamati ya Uwekezaji na Biashara, Bunge liliunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Wengine walikuwa Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi na Mohamed Habib Mnyaa. Wanne wa CCM, mmoja wa CUF. Jambo hilo lisipite hivi hivi: kamati iliyomwangusha Waziri Mkuu wa CCM ilikuwa ya wana-CCM kwa sehemu kubwa, na mwenyekiti wake alikuwa wa chama hicho hicho.

Taarifa ilisomwa Februari 6 na kumtaka Waziri Mkuu ajipime. Kesho yake alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Anayetuhumiwa kwa jina anastahili kusikilizwa kabla taarifa haijafungwa, awe nani, na kasoro hiyo imeacha mlango wa mjadala hadi leo. Lakini haikufuta ukweli kwamba mkataba ulikuwa mbovu. Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao waliondoka. Kwa kuwa Katiba yetu inaondoa Baraza zima la Mawaziri pale Waziri Mkuu anapoachia ngazi, Serikali ililazimika kuundwa upya, na Pinda akathibitishwa na Bunge ndani ya siku chache.

Kilichofuata kinazungumzwa kidogo, nacho ndicho chenye somo zaidi. Wabunge wa CCM waligawanyika waziwazi. Agosti 2009, Halmashauri Kuu ya chama ilipokutana Dodoma, Spika alishambuliwa vikali kwa namna alivyoliendesha Bunge, na chama kikaunda kamati ya Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, akiwa na Msekwa na Abdulrahman Kinana, kuwapatanisha wabunge. Februari 2010 mjadala wa Richmond ulifungwa rasmi bungeni. Novemba mwaka huo, Bunge la Kumi lilipokuwa likitafuta Spika, Kamati Kuu ya CCM ilipitisha majina matatu, yote ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Jina la Sitta halikufika kwa wabunge. Makinda akachaguliwa na kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, hatua ya heshima kwa nchi na kwa mama aliyeanza ubunge miaka ya 1970. Lakini wabunge waliofanya kazi na Sitta kwa miaka mitano hawakupewa nafasi ya kumpima kwa kura.

Hapo ndipo ilipo kasoro ambayo Bunge la Tisa lilituonyesha bila kuiponya. Kikatiba, Spika huchaguliwa na wabunge. Kiutendaji, chama chenye wingi humchagua kabla wabunge hawajaingia ukumbini. Januari 2022 Ndugai, mmoja wa wale wenyeviti wa 2008, alipojiuzulu uspika, barua yake aliiwasilisha kwa Katibu Mkuu wa CCM na nakala kwa Katibu wa Bunge. Wanasheria walihoji utaratibu huo, nami naona walikuwa na haki ya kuhoji. Mkuu wa mhimili wa dola akiaga kwanza kwenye chama, tumeshajua kiti ni cha nani.

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza Spika asitokane na wabunge wala na viongozi wa vyama. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015, iliahirishwa. Mchakato huo utakapofufuliwa, naomba msomaji usiridhike na mjadala wa madaraka ya Rais peke yake. Muulize mbunge wako anataka Spika apendekezwe na nani, aondolewe na nani, na barua yake ya kujiuzulu ipelekwe wapi.