ALIZETI NYUMBANI: TUANZE NA MASHINE, KISHA MBEGU

Katika toleo hili tunapenda kueleza kilimo cha alizeti kwenye maeneo madogo yanayozunguka nyumba. Ukanda wetu wa Kilwa na Lindi unajulikana kwa korosho na ufuta, mazao ambayo tunayauza. Mafuta ya kupikia tunayanunua. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika eneo la Somanga, tulikumbuka ni bidhaa ngapi za jikoni zinazotufikia kwa barabara hiyo moja.

Kwanza tukiri kosa letu. Msimu mmoja tuligawa mbegu kwa kaya bila kuuliza alizeti itakamuliwa wapi. Ilistawi vizuri, lakini mashine haikuwepo karibu, na gharama ya kusafirisha gunia ilimaliza faida yote. Sehemu kubwa iliishia kwa kuku. Tangu hapo tunaishauri kila kamati ya usharika ianze na swali hilo.

Mashine na aina ya mbegu
Mwaka 1985, huko Arusha, Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya kukamulia inayoendeshwa kwa mkono mrefu wa chuma. Haihitaji umeme wala dizeli. Hata hivyo, hufanya kazi vizuri kwa mbegu zenye ganda laini, kama za aina ya Record. Zenye ganda gumu humchosha mkamuaji na kutoa mafuta kidogo. Record ina faida nyingine: mkulima anaweza kujiwekea mbegu, wakati mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu.

Kupanda na kutunza
Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Record hukomaa kwa takribani miezi minne, hivyo ipandwe Januari ili vichwa vikauke mvua zinapokwisha. Vikikomaa kwenye mvua, huoza. Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Kwenye ardhi ya kichanga ongeza samadi. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha punguza miche ubaki mmoja kila shimo. Palilia mapema. Usipulizie dawa wakati wa maua, kwani nyuki ndio wanaosaidia mbegu kujaa.

Adui mkubwa ni ndege. Kaya moja ikipanda peke yake, ndege wote wa kijiji huja hapo. Majirani, Wakristo kwa Waislamu, wapande wiki moja na wasaidiane kuwinga ndege.

Kuvuna
Mgongo wa kichwa ukibadilika kutoka njano kuwa kahawia, kata. Anika juu ya turubai au mkeka, si mchangani, kwa sababu mchanga huharibu mashine.

Hesabu ya kaya
Robo eka iliyotunzwa inaweza kutoa kilo 100. Kwa mashine ya mkono, kilo 4 hadi 5 hutoa lita moja, yaani kaya hupata lita 20 hadi 25. Mashudu hulisha kuku.

Ombi letu
Kamati zisilete ombi la mbegu peke yake. Tunaomba majibu matatu: mashine iko wapi, nani ataitunza, na kaya ngapi za jirani zitapanda pamoja. Tuyapokee kabla ya mwisho wa Oktoba.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua picha ya shamba lenye maua hupendeza. Lakini tunawaomba msisahau vipuri na mafunzo ya fundi wa kijijini. Bila hivyo, mama atavuna alizeti yake na bado atakwenda dukani kununua mafuta.