Chupa ya tomato, Forodhani na Profesa Masanja

Poleni kwa kimya. Leo sina siasa wala mpira, nataka tuongee fizikia. Usikimbie, naanzia kwenye chipsi.

Juzi nilikuwa Forodhani na mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Chupa ya tomato ikagoma. Unaipindua, kimya. Unaitikisa kwa nguvu, fyaa! Yote kwenye sahani. Dogo akaniuliza, "Kaka, mbona maji hayafanyi hivi?" Mie hisabati ilinigaragaza kidato cha nne, jibu sina. Kesho yake nikaja hapa kafe kutafuta, nikakutana na jina la Mtanzania mwenzetu.

Kwanza jibu lenyewe. Kila kimiminika kina ukaidi wake wa kutiririka, unaitwa mnato. Mnato wa maji haubadiliki, uyasukume polepole au kwa kasi, mradi joto ni lilelile. Tomato sivyo. Ukiisukuma kwa nguvu mnato unapungua, inakuwa nyepesi. Damu yetu iko hivyo, rangi ya ukuta pia, na hata urojo ukikolea unga unaelekea hukohuko.

Sasa hesabu ndo zinapokuwa chungu. Kujua tomato itapita kwa kasi gani kwenye bomba, lazima ujue mnato wake. Kujua mnato, lazima ujue kasi inabadilika vipi kutoka katikati ya bomba mpaka ukutani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake! Inabidi uvipate vyote kwa pamoja, na mara nyingi ni kwa kompyuta, hatua kwa hatua.

Huko ndiko alikojitosa Profesa Verdiana Masanja. Kazaliwa Bukoba mwaka 1954. Akasoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1976. Shahada ya pili, 1981, aliandika kuhusu vimiminika vya aina ya Reiner-Philippoff ndani ya bomba la duara. Hivi vikienda taratibu sana ni vizito, vikienda kasi sana ni vyepesi, na hapo katikati ndo vinabadilika. Kisha akaenda Berlin, Ujerumani, na mwaka 1986 akapata udaktari kwa utafiti wa vimiminika vya aina nyingine, Reiner-Rivlin. Akawa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati.

Utasema, faida yake nini? Kiwanda kikipiga hesabu za rangi kama vile ni maji, kitanunua pampu isiyofaa. Hesabu za namna hii ndo zinazookoa hela.

Lakini hakuishia kwenye mabomba. Alifundisha Dar, akaenda Rwanda akawa profesa na mkurugenzi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa, baadaye Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Kaandika pia kuhusu wasichana na masomo ya sayansi, na kafanya kazi kwenye kamisheni ya wanawake ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika.

Hapa ndipo panaponigusa. Dogo anakaribia kuchagua masomo ya kidato cha tatu, na kuna mwalimu kamwambia fizikia awaachie wavulana. Alirudi nyumbani kanuna, kashakata tamaa. Na mie kaka mtu nilinyamaza, maana ningesema nini na maksi zangu zile?

Leo nimeprinti habari za Profesa, nampelekea. Swali lake la Forodhani lilikuwa swali la kitafiti, wallahi, na aliyeliuliza ni msichana wa skuli ya Unguja mwenye mafuta ya chipsi mkononi.

Haya wadau, mnasemaje? Na wewe uliambiwa somo fulani si la kwako? Na kama kuna anayeweza kumsaidia hisabati jioni hapa Mji Mkongwe, aniachie ujumbe hapo chini. Muda wangu wa kafe unaisha. Tuonane!