Saa ya Guangzhou Kwenye Basi la Kibiti

Basi la Kibiti linalotoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi jioni hubeba watu wa kila aina: mama na shehena yake ya dukani, fundi aliyelipwa leo, mwalimu anayerudi kituoni kwake. Mara mojamoja hupanda pia kijana mwenye mabegi makubwa yenye vibandiko vya uwanja wa ndege. Alikwenda Guangzhou, China, kusoma, na miaka minne hajaonekana kwao. Basi halijafika Vikindu, keshalala, kichwa kinagonga kioo. Konda anamwonea huruma: "Mwacheni mgeni, kachoka."

Kuchoka amechoka, lakini usingizi ule una sababu nyingine. Guangzhou iko mbele ya Kibiti kwa saa tano. Saa kumi jioni ya Mbagala, ubongo wake unahesabu saa tatu usiku.

Saa hiyo ipo kweli kichwani. Juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapopishana kuna kifungu cha seli kama 20,000. Ndani ya kila seli, jeni fulani hutengeneza protini. Protini ikishajaa, huirudia jeni ile ile na kuizima. Kisha protini huoza taratibu, jeni huwaka tena, na mzunguko unaanza upya. Mzunguko mzima huchukua karibu saa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliufumbua kwa kuchunguza vijinzi vya matunda, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ini, utumbo na moyo navyo vina saa zake, na havibadiliki kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mgeni akipakuliwa wali wa nazi na kamba wa delta ya Rufiji saa mbili usiku, anachezea tonge tu huku mama akilalamika kwamba mwanawe amekonda. Tumboni kwake ni saa saba usiku.

Kwa watu wengi saa hii huzidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo mwili huona nafuu kuirefusha siku kuliko kuifupisha. Anayetoka China anasafiri kuelekea magharibi, siku yake inarefuka, na kwa kawaida mwili hurekebika kwa takriban saa moja kila siku. Siku nne au tano zinamtosha. Anayetoka New York anakuja mashariki, saa saba au nane, na huenda wiki nzima ikapita akizubaa mchana. Anayerudi kutoka Muscat tofauti yake ni saa moja tu. Huyo hana cha kusingizia.

Viumbe wa delta nao wana saa, tena baadhi yao hawafuati jua peke yake. Anayekwenda visiwani, tuseme Kiongoroni, hateremki Kibiti. Huachana na barabara kuu pale Bungu akashika njia ya Nyamisati, na huko chombo huondoka maji yanapotaka. Kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Kando ya bandari, chini ya mikoko, utawaona kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakitoka mashimoni mara tope linapobaki wazi. Wanasayansi waliwahi kuchukua kaa wa jamii hiyo katika pwani ya Marekani, wakawafungia maabara mahali pasipo na kujaa wala kupwa, mwanga ukiwa ule ule saa zote. Kwa siku kadhaa kaa waliendelea kuchangamka kwa zamu, saa zile ambazo ufukweni kwao maji yangekuwa yamepwa, wakichelewa dakika zile zile 50 kila siku. Hakuna aliyewaambia, walikuwa wameibeba pwani yao ndani ya miili.

Tumrudie abiria wetu. Kinachorekebisha saa ya binadamu kuliko dawa yoyote ni mwanga. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kuipasha saa habari. Kwa aliyetoka China, mwanga wa jioni husukuma saa nyuma, na ndiko anakotaka iende. Basi la Kibiti huelekea kusini, kwa hiyo jioni jua liko kulia, upande wa dereva. Ni upande unaokimbiwa na kila mtu, wanaokaa huko huvuta pazia. Yeye akae huko huko, pazia wazi, macho nje, ajikaze mpaka giza liingie. Na kila basi likisimama, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, ashuke anyooshe miguu. Kukaa kitini zaidi ya saa nne, iwe kwenye ndege au basi, huongeza mara mbili au zaidi uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa kijana mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku zinazofuata, aende hospitali.

Hatari kubwa zaidi inamngoja nyumbani, usiku. Amelala mapema. Saa nane au tisa usiku macho makavu, kwani huko alikotoka kumekucha. Nyumba nzima kimya. Anatoka kwenye chandarua, anakaa barazani na simu. Mwanga wa simu saa hizo unaivuta saa yake kurudi China, lakini hilo ni dogo. Mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Tofauti ya saa imemtoa chandaruani wakati mbaya kuliko wote.

Tena huyu si yule aliyeondoka. Aliyekulia Kibiti na kuumwa na mbu tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi: vimelea huingia, lakini mara nyingi havimlazi. Kinga hiyo hutaka kukumbushwa. Kimelea kina jeni kama 60 za kubadilishia vazi lake, na mwili uliokaa miaka bila kukiona hupoteza sehemu kubwa ya ulinzi wake. Malaria imepungua sana Rufiji tangu watafiti waanze kufuatilia kaya za huko mwaka 1998, ila haijaisha. Mbele ya mbu, mwana wa Kibiti aliyerudi baada ya miaka minne yuko karibu na mtalii kuliko kaka yake waliyelala chumba kimoja.

Kwa hiyo ukiamka saa tisa usiku, baki ndani ya chandarua, simu umeizima. Homa ya malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, na kufikia hapo uchovu wa safari ya China umeshakwisha. Ukipata homa wiki ya pili, usiambiwe ni mabadiliko ya hewa. Nenda kituo cha afya kapime. Majibu hutoka ndani ya dakika 20.