Siri ni Zao, Jina Je? Kesi za Harry na Meghan (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza namna Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan walivyotangaza, tarehe 8 Januari 2020, kwamba wanajiondoa katika kazi za familia ya kifalme ya Uingereza. Leo naingia kwenye lawama iliyowaandama tangu siku hiyo, ambayo nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu kwa busara: kwamba hawa wawili ni wanafiki, wanalilia faragha huku wakijiuza kwenye televisheni, vitabuni na kwenye chupa za jamu. Lawama hiyo ni tamu mdomoni, lakini inachanganya haki mbili zisizo na undugu. Moja ni haki ya mtu juu ya siri zake. Nyingine ni haki ya mfanyabiashara juu ya jina la bidhaa yake. Katika ya kwanza naona wana hoja nzito. Katika ya pili wamejikwaa mara kwa mara, na kwa uzembe wao wenyewe.

Ili kuielewa ya kwanza inabidi kurudi nyuma sana, kwa wanandoa wengine wa kifalme. Malkia Victoria na mumewe Albert walipenda kuchora kwa kujiburudisha: watoto wao, mbwa wao, marafiki. Michoro hiyo waliichonga kwenye mabamba ya shaba, na mabamba yakapelekwa kwa mpiga chapa wa mjini Windsor ili zitolewe nakala chache za ndugu na jamaa. Mfanyakazi mmoja wa pale akatoa nakala za ziada kimyakimya. Zikapita mkono kwa mkono mpaka mradi wa kuzionyesha kwa umma ukaangukia kwa mchapishaji wa London aitwaye William Strange, ambaye aliandaa na orodha yenye maelezo ya kila mchoro. Albert akaenda mahakamani, na mwaka 1849 akashinda. Uzito wa hukumu ile uko kwenye orodha. Haikuwa na mchoro hata mmoja ndani yake, ni maneno matupu, na bado mahakama iliizuia. Yaani hata kuwasimulia watu kilichomo ndani ya kazi ya faragha ni kumpokonya mwenyewe uamuzi wa kukitoa au kukificha. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Warren na Brandeis, waliitegemea hukumu hiyo walipoandika makala yao mashuhuri kuhusu haki ya faragha.

Basi huyohuyo Victoria, mwaka 1868, alichapisha mwenyewe sehemu za shajara yake ya maisha ya familia huko Scotland, na kitabu kikanunuliwa kwa wingi. Hakuna jaji aliyewahi kufundisha kwamba kwa kitabu kile alikuwa amepoteza haki yake ya 1849. Mtu akikukaribisha sebuleni hajakuruhusu kuingia chumbani. Faragha ni mamlaka ya kuchagua nini kitoke, lini, na kwa mkono wa nani. Anayesema Meghan hawezi kudai faragha kwa sababu alizungumza na Oprah Winfrey Machi 2021 anadai kitu ambacho sheria ya Uingereza haikidai.

Kesi ya barua imesimama juu ya msingi huo. Agosti 2018, miezi mitatu baada ya harusi, Meghan alimwandikia baba yake, Thomas Markle, barua ya kurasa tano kwa mkono, akimsihi aache kuzungumza na magazeti. Februari 2019 Mail on Sunday likachapa vipande vyake ambavyo, ukivijumlisha, vinakaribia nusu ya barua nzima. Gazeti lilijitetea kwamba marafiki wa Meghan walikwisha kuitaja barua hiyo katika jarida moja la Marekani, na baba mtu alitaka kujisafisha. Februari 2021 Jaji Warby alimpa Meghan ushindi bila hata kesi kufika hatua ya mashahidi, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Majaji hawakusema kwamba baba hana haki ya kujitetea. Walikiri kwamba kipande kidogo kingeweza kuchapishwa ili kurekebisha kilichopotoshwa na jarida lile. Gazeti lilivuka kiasi, likavuka kwa mbali.

Kilichowavuruga wengi ni ujumbe uliotolewa wakati wa rufani. Ulionyesha kwamba Meghan alimwambia msaidizi wake wa habari kuwa anaiandika barua akijua inaweza kuvuja. Isitoshe, ilimlazimu kuiomba radhi mahakama kwa kutokumbuka mawasiliano yaliyohusu kitabu kilichoandikwa juu ya maisha yake na Harry. Hilo lilimpunguzia heshima, sikatai. Lakini kuhofia kwamba siri itavuja si sawa na kutoa idhini ivuje, na majaji waliona ushahidi ule usingebadili matokeo. Tena alishinda na kwa hakimiliki. Tangu mwaka 1741, mshairi Alexander Pope alipomshtaki mchapishaji Edmund Curll, sheria imeshikilia kwamba karatasi ya barua ni mali ya aliyeandikiwa, ila maneno yanabaki kuwa ya aliyeandika. Kwa kuvunjiwa faragha Meghan alilipwa pauni 1 tu. Kiasi hicho kilifanywa gumzo, ila kwangu kinatosha, kwa kuwa kilichotakiwa ni hukumu, na gazeti likalazimika kuitangaza kwenye ukurasa wake wa mbele.

Kwa Harry kilichoibwa ni sauti. Wengi wanadhani udukuzi wa simu uliofanywa na magazeti ya udaku ulihitaji mitambo ya kijasusi. Haukuhitaji. Simu nyingi za mkononi za wakati huo zilikuwa na kisanduku cha ujumbe wa sauti, na wenye simu hawakubadili namba ya siri waliyoikuta, namba nyepesi kama 0000 au 1234. Mtu mmoja alipiga ili laini ishughulike. Mwenzake akapiga dakika hiyohiyo, akaangukia kwenye kisanduku, akabonyeza namba, akasikiliza mama wa watu akimwambia mwanawe mambo ya nyumbani. Uovu huo ulianza kufichuka Novemba 2005, News of the World lilipoandika kuhusu jeraha la goti la Mwanamfalme William, habari ambayo waliokuwa nayo walihesabika kwa vidole. Januari 2007 mwandishi wa habari za kifalme wa gazeti hilo na mpelelezi wa kukodiwa wakafungwa jela.

Juni 2023 Harry alipanda kizimba cha mashahidi dhidi ya kampuni ya magazeti ya Mirror, jambo ambalo mwanafamilia wa ngazi yake hakuwa amelifanya tangu 1891. Kati ya habari 33 zilizochambuliwa, Jaji Fancourt aliona 15 zilipatikana kwa njia haramu, akaamuru alipwe pauni 140,600. Zilizobaki alizikataa. Naisifu hukumu hiyo kwa sababu hiyo hasa: jaji hakumwamini Harry kwa kuwa ni mtoto wa mfalme, wala hakumdharau kwa kuwa amechokwa na umma. Januari 2025 wachapishaji wa The Sun nao walimaliza shauri lake kwa kumlipa na kumwomba radhi, wakaomba radhi pia kwa walivyoingilia maisha ya marehemu mama yake, Diana.

Lakini upanga huu unakata pande zote mbili, na hapa nina ugomvi na Harry. Katika kitabu chake Spare, kilichotoka Januari 2023, anasimulia jinsi kaka yake William alivyomsukuma akaanguka jikoni mwaka 2019, mkufu ukakatika na bakuli la mbwa likavunjika chini ya mgongo wake. Nyumba ilikuwa ya Harry, maumivu yalikuwa ya Harry, ila ugomvi ulikuwa wa watu wawili. Mwaka 2006 mahakama za Uingereza zilimlinda mwimbaji wa Kanada, Loreena McKennitt, dhidi ya rafiki wa zamani aliyeandika kitabu juu ya maisha waliyoyaishi pamoja. Zilisema siri haiachi kuwa siri yako kwa sababu mwenzako alikuwepo. William hakwenda mahakamani. Angekwenda, Harry angepata shida kuikana kanuni aliyoitumia dhidi ya magazeti.

Tukija kwenye majina, huruma yangu inapungua. Juni 2019 waliomba kusajili Sussex Royal kwa bidhaa zaidi ya 100, kuanzia nguo hadi kalamu. Februari 2020, baada ya makubaliano na Malkia Elizabeth, wakalazimika kuliacha, kwa sababu anayeondoka kwenye utumishi wa taji hawezi kuondoka na chapa yake. Machi 2024 Meghan akazindua American Riviera Orchard, akawatumia marafiki na watu maarufu chupa 50 za jamu ya stroberi zilizoandikwa namba moja moja. Ofisi ya usajili ya Marekani ikalikwamisha. American Riviera ni jina ambalo watu hulitumia kwa ukanda wa Santa Barbara, California, na jina la mahali halimilikiwi na muuzaji mmoja, la sivyo jirani yake auzaye jamu atashindwa hata kusema anatoka wapi. Februari 2025 akahamia As Ever. Kumbe New York palikuwa na biashara ndogo ya nguo yenye jina hilohilo, na mji wa Porreres, kisiwani Mallorca, ukalalamika kwamba nembo ya mtende na ndege wawili inafanana mno na ngao yake. Mwanasheria yeyote wa alama za biashara angeyagundua haya kabla ya lebo ya kwanza kuchapwa, na hakuna gazeti la udaku la kulilaumu hapo.

Limebaki shauri moja ambalo halihusu siri wala jina, nalo ni ulinzi wa polisi, ambalo Harry alishindwa katika Mahakama ya Rufani tarehe 2 Mei 2025. Hilo tutalichambua juma lijalo.