Injini Inapozimika Angani: Somo la Mkanda wa Mabega

Tarehe 5 Machi 2015, muda mfupi baada ya kupaa kutoka Santa Monica, California, ndege ndogo iliyoundwa mwaka 1942 ilipoteza nguvu za injini. Rubani wake, mwigizaji mashuhuri Harrison Ford, aliyekuwa na umri wa miaka 72, alijaribu kurejea kiwanjani. Alipotambua kwamba hatafika, aliielekeza kwenye eneo la wazi la uwanja wa gofu uliokuwa jirani. Ndege iligonga kilele cha mti, kisha ikaanguka. Rubani alinusurika, ingawa alivunjika nyonga na kifundo cha mguu.

Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba kipande kidogo kinachopima petroli ndani ya kabureta kilikuwa kimelegea na kutoka mahali pake. Petroli ikazidi hewa, injini ikaishiwa nguvu. Hata hivyo, ugunduzi wao wa pili ndio unaowahusu zaidi watu wa tiba. Mkanda wa mabega ulikuwa umefungwa kwenye sehemu ya chini ya egemeo la kiti, pasipo kuimarishwa. Yaelekea wakati wa kishindo bolti yake iling'oka, mkanda ukashindwa kumzuia rubani, na majeraha yakawa makubwa zaidi.

Kuzimika kwa injini hakuvunji mfupa. Kinachouvunja ni mwendo kukomeshwa ghafla. Kasi ikiongezeka mara 2, nishati ya mgongano huongezeka mara 4. Ndiyo maana rubani hufundishwa kutua akiwa bado anaitawala ndege, kwa kasi ndogo iliyo salama. Kazi inayobaki ni ya mkanda: kuigawa nguvu hiyo kwenye mifupa imara ya mabega, kifua na nyonga. Mkanda wa kiunoni peke yake huacha kichwa na kifua virushwe mbele, na ule ulioshikizwa mahali dhaifu humpa mtu matumaini yasiyo na msingi. Kanuni hiyo ni ileile ndani ya gari la wagonjwa na la abiria.

Uwanjani pale, daktari mpasuaji aliyekuwa akicheza gofu alikuwa miongoni mwa waliofika kwanza. Kwa kuwa petroli ilikuwa ikivuja, majeruhi aliondolewa ndegeni. Pasipo hatari ya moto au nyingine kama hiyo, majeruhi asihamishwe ovyo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa umeumia. Nyonga inayoshukiwa kuvunjika isibonyezwe wala kutikiswa: damu nyingi yaweza kuvujia ndani bila jeraha kuonekana. Mhudumu aliyefunzwa aizungushie shuka pana, katika usawa wa maungio ya mapaja wala si kiunoni, na kumwahisha majeruhi hospitalini.

Anayempokea majeruhi asiishie kuuliza kama alifunga mkanda. Aulize pia ulikuwa wa aina gani, na kama ulishika.