Umeme wa upepo: faida ya nani, hasara ya nani?

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, huitwa mradi wa watu binafsi. Ni kweli nusu tu. Wawekezaji walisimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, kwa takriban euro milioni 620, nyingi zikiwa mikopo. Serikali ilibaki na njia ya umeme, kilomita 430 hivi hadi Suswa.

Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya hazikuwa tayari. Mkandarasi wa njia hiyo, kutoka Hispania, alikuwa amefilisika. Umeme uliingia gridi ya taifa Septemba 2018. Mkataba ulidai fidia kwa kuchelewa, na mzigo ukaangukia umma. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya Power ingelipia umeme isioutumia.

Kampuni hiyo mnunuzi imo katika Soko la Hisa la Nairobi. Hivyo mwekezaji mdogo asitazame kasi ya upepo pekee. Aulize kwanza: nyaya zikichelewa, nani analipa?